Somo: Vipande vya kioo ukutani chumbani, bila mtu kukatwa

Habari zenu wapendwa. Wengi mmeuliza kuhusu ukuta wangu wa vioo, ule unaometa taa ikiwashwa jioni. Nitawaelekeza, ila mkumbuke hiki ni chumba cha kulala: watu hupita gizani, miguu mitupu. Kazi kubwa iko kwenye kingo na kwenye ukuta wenyewe. Kubandika ni rahisi.

Hatua ya 1: Mahali. Upande wa mito usiguse kabisa. Chagua ukuta wa miguuni au wa kando ya kabati, usiotazamana na jua la asubuhi.

Hatua ya 2: Vioo. Nenda kwa fundi vioo umwombe mabaki ya kioo cha kujitazama cha mm 3. Mita moja ya mraba ina kilo 7.5 hivi, ya mm 4 inafika kilo 10. Akukatie yeye, vipande visivyozidi kiganja. Kuvunja kwa nyundo nyumbani sifundishi.

Hatua ya 3: Kingo. Hapa msiharakishe. Vaa glavu, miwani ya kazi na barakoa. Chukua msasa wa maji namba 220, kisha 400, usugue kila ukingo huku ukilowesha muda wote, maana vumbi la kioo halifai kuvutwa puani. Ukimaliza, pitisha soksi kuukuu ukingoni. Nyuzi zikinasa, rudia. Mimi vipande 60 vilinichukua jioni tatu, na sijutii hata moja.

Hatua ya 4: Ukuta. Mara ya kwanza nilibandika juu ya rangi ya chokaa. Usiku wa nne kipande kikaanguka, na nyuma yake kimebeba rangi nzima nzima. Gundi ilishika vizuri sana. Rangi ndiyo iliyoachia. Kwa hiyo kwangua mpaka kwenye plasta ngumu, futa vumbi, acha pakauke. Plasta mpya ingoje wiki nne.

Hatua ya 5: Kubandika. Dukani ulizia silikoni ya vioo vya kujitazama. Ile inayonuka siki inakula mgongo wa kioo, na baadaye utaona madoa meusi. Weka matone machache tu, kwa sababu silikoni hukauka kwa unyevu wa hewani. Ukipaka mgongo mzima, katikati hubaki mbichi. Anzia chini, acha nafasi ya mm 2 kati ya vipande, shikiza kwa tepu ya karatasi saa 24. Usiku huo lala chumba kingine, madirisha wazi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Dada, nimebakiwa na gundi ya vigae. Siwezi kuitumia hiyo?
Jibu: Hapana mpenzi. Ile ina saruji, na saruji huharibu mgongo wa kioo. Itunzie vigae vyako.

Swali: Mimi napanga, na mwenye nyumba hataki ukuta uguswe. Nifanyeje?
Jibu: Bandika kwenye plaiwudi ya mm 12 iliyopakwa rangi ya mafuta pande zote. Mwombe ruhusa ya skrubu nne zenye plagi. Akikataa, simamisha ubao sakafuni nyuma ya meza nzito, uufunge kwenye meza ili ubao usiangukie mbele.

Swali: Nina mtoto anayetambaa.
Jibu: Anza mita 1.2 kutoka sakafuni, na usimwekee kiti wala kitanda chake karibu na ukuta huo. Kama anaanza kupanda vitu, subiri mwaka au miwili, mama.

Swali: Kimoja kimenivunjikia sakafuni leo. Nimefagia lakini nina wasiwasi.
Jibu: Zima taa, laza tochi sakafuni umulike chinichini. Vilivyobaki vitameta. Okota kwa karatasi nene, malizia kwa tambara bichi na ulitupe, usilifue. Ufagio nao ukung'ute nje, mbali na mlango.