Namna ya Kutumia Kopo la Kupuliza la Kuzimia Moto Nyumbani

Katika nyumba nyingi za kupanga jijini Nairobi, hasa za chumba kimoja au viwili ndani ya majengo ya ghorofa, jiko, kitanda na mlango vimeachana kwa hatua chache tu. Mtungi wa gesi wa kilo 6 hukaa chini ya meza ya kupikia, pazia huning'inia karibu, na mlango wa kutokea huwa mmoja, nao una grili ya chuma yenye kufuli. Moto ukizuka mahali kama hapo, muda wa kufikiri haupo. Ndiyo sababu napenda sana kila nyumba iwe na kopo la kupuliza la kuzimia moto, ambalo ukubwa wake unakaribiana na kopo la dawa ya mbu, na ambalo hata mtu asiye na nguvu nyingi anaweza kulishika kwa mkono mmoja. Lakini litamfaa tu anayejua mapema linaweza nini na mwisho wa uwezo wake ni wapi.

Nianze na huo mwisho. Kopo hili halichukui nafasi ya mtungi mwekundu wa kuzimia moto unaotundikwa kwenye korido za majengo. Dawa iliyomo huisha kwa sekunde chache, mara nyingi chini ya nusu dakika, na hurushwa umbali wa mita chache tu. Limetengenezwa kwa ajili ya moto ambao bado ni mchanga: ulio ndani ya karai, kwenye pipa la takataka, kwenye kona ya godoro, au kwenye kifaa kimoja cha umeme. Kipimo tulichokubaliana nyumbani kwangu ni kwamba moto ukishapita kimo cha kiuno, au ukishalamba pazia na kuelekea dari, au moshi ukishaanza kuuficha mlango, hakuna anayegusa kopo, watu wanatoka.

Unapolinunua, soma lebo kabla ya kutazama bei. Kwa mfumo wa Ulaya, herufi A ni moto wa vitu vikavu kama mbao, nguo na karatasi, B ni vimiminika kama petroli na mafuta taa, C ni gesi, na F ni mafuta ya kupikia. Kwa mfumo wa Marekani, herufi C huhusu vifaa vya umeme na mafuta ya kupikia hupewa herufi K, kwa hiyo herufi moja inaweza kukupotosha ikiwa hujui kopo limetoka upande gani. Kwa matumizi ya jikoni, usikubali kopo ambalo lebo yake haitaji waziwazi mafuta ya kupikia. Kiwango cha Ulaya cha makopo ya aina hii ni EN 16856. Angalia pia alama ya Shirika la Viwango la Kenya, yaani KEBS, na tarehe ya mwisho wa matumizi, kwa sababu makopo mengi ya aina hii hayajazwi upya wala hayana geji ya kukuonyesha kama shinikizo bado lipo.

Mahali pa kuliweka ni jambo linalopuuzwa sana, na mimi mwenyewe nililipuuza. Jioni moja nilikuwa nikikaanga viazi, nikatoka kidogo kupokea simu, na niliporudi mafuta yalikuwa yanawaka. Kopo nilikuwa nalo, lakini nilikuwa nimelihifadhi katika kabati lililo juu ya meko, nyuma ya bati la kuokea, na kifuniko chake cha plastiki kilikuwa bado kimezungushiwa utepe wa dukani. Ili kulifikia, ingenibidi nipitishe mkono juu ya ndimi za moto. Nilichofanya ni kuchukua kifuniko cha sufuria kubwa, kukitanguliza mbele yangu kama ngao, kukitelezesha juu ya karai kuanzia ukingo wa karibu nami, kisha nikainama na kuzima gesi kwenye mtungi. Tangu siku hiyo kopo letu linaning'inia kwenye msumari karibu na mlango wa kutokea jikoni, usawa wa bega, bila utepe wowote.

Hilo ndilo pendekezo langu kwako pia: liwe mahali ambapo unalichukua ukiwa unaelekea mlangoni, si ukiwa unaukaribia moto. Lisikae juu ya jiko, dirishani penye jua, wala ndani ya gari lililoegeshwa juani, kwa maana makopo yenye shinikizo hayapaswi kupata joto la zaidi ya nyuzi 50 za Selsiasi. Na kila anayepika katika nyumba hiyo alijue. Nyumba nyingi hapa jijini hupikiwa mchana na dada anayesaidia kazi za nyumbani, ilhali aliyesoma lebo ni mwenye nyumba ambaye saa hizo yuko kazini. Mketi pamoja, mlishike, mwonyeshane pini au kitufe kiko wapi, na mwelezane kwa Kiswahili maneno yaliyoandikwa kwenye lebo kwa lugha nyingine.

Moto ukitokea, paza sauti kwanza ili walio ndani watoke, na mmoja wao afungue kufuli ya grili na kuiacha grili wazi. Zima chanzo chake ikiwa unaweza kukifikia bila kuungua. Simama mgongo wako ukiwa upande wa mlango, mita 1 na nusu au 2 kutoka kwenye moto, isipokuwa lebo iwe imetaja umbali mwingine. Tikisa kopo ikiwa umeelekezwa hivyo, lishike likiwa wima, kisha elekeza mdomo wake kwenye shina la moto, yaani pale kitu kinapoungua, wala si kwenye ndimi zinazopanda. Puliza ukipeleka mkono kushoto na kulia kama anayefagia, na usiachie kitufe ati kwa kuwa mwali umefifia. Endelea mpaka moto uzimike kabisa. Kopo likiisha na moto bado upo, kazi yako ya kuzima imekwisha; ondoka.

Mafuta ya kupikia yana utaratibu wake. Usimwage maji hata kikombe kimoja, kwa sababu maji ni mazito kuliko mafuta. Huzama chini, hugeuka mvuke papo hapo, na mvuke huo hutanuka takriban mara 1,700 na kurusha mafuta yanayowaka hadi ukutani na usoni. Usilibebe karai kulipeleka nje pia. Puliza kutoka mbali ili povu lidondoke taratibu na kutanda juu ya mafuta, kwa kuwa mkondo wenye nguvu ukiyachimba kutoka karibu unaweza kuyamwaga. Moto ukizimika, acha karai palepale bila kuligusa kwa nusu saa au zaidi, kwani mafuta yaliyoshika moto yenyewe huwa yamepita nyuzi 300, na yakipata hewa kabla ya kupoa yatawaka tena.

Kwa kifaa cha umeme, zima soketi au swichi kuu kwanza, na upulize tu ikiwa lebo inaruhusu vifaa vyenye umeme na kutaja umbali wa kusimama. Betri za lithiamu, kama zile za simu na za pikipiki za umeme, hazitegemewi kuzimwa na kopo hili, kwani joto huzalishwa ndani ya betri yenyewe na moto hurudi. Toka na ufunge mlango.

Gesi ndiyo inayohitaji utulivu kuliko vyote. Mwali ukitoka kwenye mpira wa gesi au kwenye regyuleta, jambo la kufanya ni kufunga gesi, ukikinga mkono kwa kitambaa kinene chenye maji ikiwa njia ya kufikia mtungi ni salama. Ikiwa huwezi kuifunga, usiuzime mwali huo. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo isipoungua itatambaa sakafuni, chini ya kitanda na kwenye mifereji, ikingoja cheche moja tu. Na ukisikia harufu ya gesi pasipo moto, kopo halina kazi hapo: usiguse swichi yoyote, fungua milango na madirisha, funga mtungi, kisha toka nje na upige simu ukiwa mbali.

Mtu akishikwa na moto nguoni, mlaze, mviringishe, au mfunike kwa blanketi nzito ya sufu, halafu poza palipoungua kwa maji safi ya kawaida kwa dakika 20. Usimpulizie dawa ya kopo usoni.

Mnapolazimika kutoka, vuta mlango nyuma yenu bila kuufunga kwa ufunguo, tumieni ngazi badala ya lifti, na mpige 999 au 112. Nyumba zetu nyingi hazina namba wala jina la barabara linalofahamika, kwa hiyo taja mtaa, stendi ya matatu iliyo karibu, shule au kanisa, na rangi ya lango. Mtu mmoja asimame barabarani kuliongoza gari la zimamoto, na wengine waombe magari yaliyoegeshwa kwenye njia ya kuingilia yaondolewe, maana vichochoro vyetu ni vyembamba.

Baada ya moto kuzimika, fungua madirisha, tupa chakula kilichoguswa na dawa, osha vyombo kwa sabuni, na umwite fundi wa umeme akague nyaya kabla ya kuwasha tena. Kopo ulilolipuliza hata kwa sekunde mbili lihesabu kuwa limekwisha, kwa sababu shinikizo linaweza kuendelea kuvuja polepole mdomoni. Usilitoboe, na usilitupe kwenye takataka zinazochomwa nyuma ya nyumba. Mkabidhi mzoa taka ukimweleza ni kitu gani. Na kabla hamjarudia kukaanga chochote, kopo jipya liwe limeshaning'inizwa kwenye msumari ule ule.