Namna ya Kuitambua na Kuidhibiti Presha ya Ujauzito Kuanzia Zahanati

Presha inayokuja kumuua mama mjamzito mara nyingi haimuumi hata kidogo wiki moja kabla. Mama hutembea hadi kliniki, husimulia habari za shamba na za watoto, hupanda mizani na kurudi nyumbani, na namba iliyokwisha kupanda hubaki bila kusomwa kwa sababu mashine ilikuwa mbovu, au foleni ilikuwa ndefu, au mpimaji aliitazama miguu akaona haijavimba. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wauguzi wakunga na matabibu wa zahanati na vituo vya afya, ambao ndio humwona mama kwanza, ingawa wenzi na ndugu wa wajawazito watapata humo mambo yanayowahusu. Ugonjwa huu hugunduliwa kwa namba iliyopimwa vizuri, na uhai wa mama hutegemea sana kile kilichofanyika kabla hajapandishwa kwenye gari la rufaa. Dozi zinazotajwa hapa zinafuata mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani. Pale mwongozo wa wizara uliopo kituoni unapotofautiana nazo, ufuatwe huo wa wizara.

Kupima kwa namna ya kuaminika

Mama aliyefika kwa miguu kutoka mbali asipimwe palepale anapoingia. Akojoe kwanza, kisha akae kwenye kiti chenye egemeo kwa dakika 5, miguu yote miwili ikikanyaga sakafu bila kupishanishwa, na mkono ukilazwa juu ya meza ili mkanda wa kipimo uwe usawa wa moyo. Mkanda ufungwe juu ya ngozi, si juu ya sweta wala kitenge. Mwenye mkono mnene anahitaji mkanda mpana, kwa kuwa mkanda mdogo huonyesha presha kubwa kuliko iliyopo, na mkanda mkubwa mno kwenye mkono mwembamba huificha ile iliyopo. Wakati wa kupima wote wawili wanyamaze. Maswali ya hedhi ya mwisho yanaweza kusubiri. Anayetumia stetoskopu aisome namba ya chini pale sauti inapotoweka kabisa. Anayetumia mashine ya betri ajue kwamba baadhi ya mashine hizo husoma chini ya hali halisi kwa mama mwenye presha ya ujauzito, kwa hiyo namba isiyolingana na hali ya mgonjwa irudiwe kwa mashine ya mkono.

Kisha namba iandikwe kama ilivyoonekana. Ukikuta kadi ya kliniki yenye 110/70 katika kila hudhurio tangu la kwanza, usiifurahie haraka, kwa maana presha ya mtu aliye hai hupanda na kushuka, na namba isiyobadilika kamwe inawezekana iliandikwa kwa mazoea tu.

Presha ya ujauzito huhesabiwa kuwa ya juu namba ya juu inapofika milimita 140 za zebaki au zaidi, au namba ya chini inapofika 90 au zaidi. Moja kati ya hizo inatosha. Kipimo kirudiwe baada ya saa 4 ili kuthibitisha, na mama anayekaa mbali asirudishwe nyumbani kusubiri wiki ijayo. Akae kivulini, anywe maji, apimwe tena siku hiyohiyo. Namba ikifika 160 juu au 110 chini, hiyo ni presha kali: rudia ndani ya dakika 15, na ikithibitika matibabu yaanze papo hapo.

Hatua inayofuata ni mkojo. Chombo kiwe safi na mkojo uwe wa katikati, yaani si wa mwanzo wala wa mwisho, kwa sababu uchafu wa ukeni au damu hukidanganya kijiti cha kupimia. Protini ya alama mbili ni ishara nzito. Panapokuwa na maabara, gramu 0.3 za protini katika mkojo wa saa 24 huthibitisha. Hata hivyo mkojo safi haumwondoi mama hatarini. Mwenye presha ya juu pamoja na kichwa kinachomgonga na kisichosikia paracetamol, macho yanayoona ukungu au vimulimuli, maumivu chini ya chembe cha moyo au upande wa kulia chini ya mbavu, au pumzi inayokatika, ahudumiwe kama mwenye ugonjwa mkali hata kama kijiti hakikubadilika rangi. Maumivu ya chembe cha moyo hasa ndiyo hupotosha wengi: mama hupewa dawa ya vidonda vya tumbo na kurudishwa nyumbani, ilhali kinachouma ni ini. Kuvimba miguu, kwa upande mwingine, kunawapata wajawazito wengi walio wazima, na wapo wanaopata kifafa cha mimba, yaani degedege linaloletwa na ugonjwa huu, bila kuvimba popote. Uvimbe wa ghafla wa uso na mikono ni sababu ya kupima presha, lakini uvimbe peke yake hauthibitishi ugonjwa wala kuukanusha.

Kuupa ugonjwa jina lake

Presha iliyokuwapo kabla ya mimba, au iliyoonekana kabla ya wiki ya 20, ni presha sugu. Iliyoanza baada ya wiki ya 20 bila protini na bila dalili za viungo kuathirika huitwa presha ya ujauzito kwa maana yake finyu. Ikiambatana na protini, au na hitilafu ya figo, ini, ubongo, mapafu au chembe sahani (zile zinazogandisha damu) zilizoshuka chini ya 100,000 kwa mikrolita, hapo tunazungumzia kifafa cha mimba kinachonyemelea, ambacho wataalamu hukiita priklampsia. Degedege likitokea, ni kifafa cha mimba chenyewe. Mwenye presha sugu naye anaweza kuangukia katika priklampsia, na hali yake huwa mbaya zaidi.

Kwa kuwa akina mama wengi huanza kliniki mimba ikiwa imekwisha kukua, utawakuta wa wiki 24 wenye 150/100 bila kumbukumbu yoyote ya nyuma. Huyo mhudumie kama mwenye presha iliyoletwa na mimba, na swali la kama ni sugu lijibiwe wiki 12 baada ya kujifungua.

Neno la Kiswahili lenyewe limetuletea taabu. Kwa kuitwa kifafa, ugonjwa huu hudhaniwa kuwa ni ule wa kuanguka, wa kurithi, au wa mashetani, na familia hupoteza saa za thamani kwa mganga. Chanzo chake kipo kwenye kondo la nyuma: mishipa inayolilisha haikupanuka vizuri tangu mwanzo wa mimba, kondo likakosa damu ya kutosha, likamwaga katika damu ya mama vitu vinavyoharibu kuta za mishipa ya mwili mzima. Ndiyo maana mama huumwa kichwa, ini na figo kwa pamoja, na ndiyo maana ugonjwa hauanzi kupona mpaka kondo litoke. Waeleze ndugu jambo hili kwa maneno hayohayo, na uwaeleze mapema, kabla degedege halijaja.

Kuzuia na kutibu kabla hali haijawa mbaya

Katika hudhurio la kwanza muulize kila mama kama aliwahi kupata presha au kifafa cha mimba, kama ana kisukari, ugonjwa wa figo, lupasi (ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe) au presha sugu, na kama mimba ni ya mapacha. Jibu moja la ndiyo linatosha kumpa aspirini ya miligramu 75 kila siku kuanzia wiki ya 12, na isicheleweshwe kupita wiki ya 20. Wapo wataalamu wanaotoa hadi miligramu 150. Mimba ya kwanza, unene mkubwa, umri wa miaka 35 na zaidi, na mama au dada aliyewahi kuugua ni vihatarishi vidogo, ila vikikutana viwili hupewa uzito uleule. Mahali ambapo chakula hakina kalsiamu ya kutosha, wajawazito wapewe gramu 1.5 hadi 2 za kalsiamu kwa siku zikigawanywa mara tatu, na zitenganishwe kwa saa kadhaa na vidonge vya kuongeza damu. Kukatazwa chumvi na kulazwa kitandani mchana kutwa havizuii priklampsia, wala dawa za kukojoza hazizuii.

Presha iliyothibitika inahitaji dawa. Methildopa, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Aldomet, huanza kwa miligramu 250 kila baada ya saa 6 hadi 8. Nifedipini ya kuyeyuka polepole na labetaloli nazo ni salama. Kwa muda mrefu presha sugu isiyo kali iliachwa bila dawa kwa hofu ya kumdumaza mtoto, lakini utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2022 ulionyesha kwamba kuitibu ili ibaki chini ya 140/90 hupunguza madhara kwa mama na mtoto, bila kuongeza idadi ya watoto wanaozaliwa wadogo. Mama aliyekuwa akimeza enalaprili, kaptoprili, lisinoprili au losartani abadilishiwe dawa mara mimba inapojulikana, kwa kuwa dawa hizo huharibu figo za mtoto. Asiambiwe tu "acha dawa" akaondoka mikono mitupu.

Presha kali na degedege

Hapa ndipo zahanati ndogo inapoweza kuokoa watu wawili. Kwa presha ya 160/110 au zaidi, mpe mama nifedipini ya miligramu 10 aimeze, isiwekwe chini ya ulimi, na irudiwe baada ya dakika 30 kama presha haijashuka, bila kuvuka jumla ya miligramu 30. Kwenye kituo chenye haidralazini ya sindano, miligramu 5 hupitishwa polepole kwenye mshipa. Lengo ni kuishusha hadi karibu 140 au 150 kwa 90 au 100. Usiiporomoshe, kwa maana kondo hulishwa na presha hiyohiyo, na mtoto anaweza kufia tumboni kwa haraka yetu.

Dawa hizo huzuia mshipa wa ubongo kupasuka. Degedege huzuiwa na magnesiamu salfeti. Mwaka 2002, utafiti wa Magpie uliowahusisha wanawake wapatao 10,000 katika nchi 33 ulionyesha kwamba inapunguza hatari ya degedege kwa zaidi ya nusu. Chukua mililita 8 za dawa ya asilimia 50, ambazo ni gramu 4, ongeza mililita 12 za maji ya sindano, upate mililita 20, na uzipitishe kwenye mshipa polepole kwa dakika 5 hadi 20. Kisha choma gramu 5, yaani mililita 10 zisizochanganywa na maji, ndani kabisa ya msuli wa kila tako, zikiwa na mililita 1 ya lidokaini ya asilimia 2 kwa ajili ya maumivu. Asiyeweza kupata mshipa achome zile gramu 10 za misuli na kumpeleka mama mbele. Dozi hii ya kwanza hutolewa kabla ya safari. Kumpandisha mama kwenye gari bila sindano, kwa hoja kwamba hospitali ya wilaya wataitoa, ni kumwachia barabara iamue.

Mama akianza kutupatupa viungo, mlaze kwa ubavu wa kushoto, ondoa vitu vya kumjeruhi, mpe oksijeni kama ipo, na usimwingize kijiko wala kidole mdomoni. Degedege likirudi baada ya dakika 15 tangu dozi ya kwanza, ongeza gramu 2 kwenye mshipa kwa dakika 5. Diazepamu itumike pale tu magnesiamu inapokosekana.

Dozi za kuendeleza ni gramu 5 kila baada ya saa 4 kwa kupokezana matako, hadi saa 24 zitimie tangu kujifungua au tangu degedege la mwisho, lolote litakalokuja baadaye. Kabla ya kila dozi hakikisha anapumua mara 16 au zaidi kwa dakika, goti linaruka likigongwa, na mkojo umefika mililita 30 kwa saa katika saa 4 zilizopita. Kimoja kikikosekana, sindano isubiri; pumzi ikizidi kushuka, msaidie kupumua na umpe gramu 1 ya kalsiamu glukoneti, inayopinga sumu ya magnesiamu, kwenye mshipa, polepole. Dawa hiyo ikae kwenye trei moja na magnesiamu tangu asubuhi, si kabatini lililofungwa kwa ufunguo wa aliyekwenda semina.

Rufaa iende na mkunga, mama akiwa amelala ubavu, pamoja na barua yenye presha, dawa, dozi na saa ya kila kitu. Nchini Tanzania usafiri wa dharura huitwa kupitia mfumo wa m-mama, namba 115, bila malipo.

Kujifungua na siku zinazofuata

Priklampsia isiyo kali husubiri hadi wiki 37 kwa uangalizi wa karibu. Ile kali iliyotimiza wiki 34 haisubiri, na kifafa cha mimba hakisubiri wiki yoyote mama akishatulizwa. Kabla ya wiki 34 hospitali humpa deksamethasoni ili kukomaza mapafu ya mtoto. Njia ya kawaida ndiyo bora kama hakuna sababu nyingine ya upasuaji. Baada ya mtoto kutoka tumia oksitosini kuzuia damu kumwagika. Ergometrini, dawa nyingine ya kuzuia damu, isikaribie, kwani hupandisha presha.

Kosa ninaloliogopa kuliko yote ni kumruhusu mama kurudi nyumbani kwa furaha ya kuwa kondo limetoka. Presha hufikia kilele kati ya siku ya 3 na ya 6 baada ya kujifungua, na kifafa kinaweza kuja mama akiwa tayari yuko kwao analelewa uzazi, ambako kichwa kinachouma hudhaniwa ni uchovu wa kunyonyesha. Akae kituoni angalau saa 24, hata siku 3 kwa aliyekuwa na hali kali, apimwe tena ndani ya wiki moja na katika wiki ya 6. Methildopa ibadilishwe kwa nifedipini au enalaprili, ambazo hazimzuii kunyonyesha. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni visitolewe presha ikiwa bado juu. Kitanzi, kipandikizi na sindano vipo.

Katika wiki ya 12 mpime kwa mara nyingine. Ikiwa bado ni 140/90 au zaidi, presha hiyo ni sugu na apelekwe kliniki ya presha. Ikiwa imerudi chini, apimwe kila mwaka, kwa kuwa moyo na mishipa yake imo hatarini kuliko ya mwenzake asiyewahi kuugua. Kwenye kadi yake andika kwa herufi kubwa: MIMBA IJAYO, ASPIRINI KUANZIA WIKI YA 12.