Somo: Kukodi kreni bila kulipia saa za kukaa bure

Habari wakuu. Wengi wetu tukihitaji kreni tunapiga simu na kuuliza, "Ya tani 25 ni bei gani kwa siku?" Nami niliuliza hivyo hivyo mara ya kwanza, na swali hilo lilinifanya nilipie kreni mbili kwa kazi moja. Bei ya kwenye simu ni ya mtambo tu. Utakacholipa mwishoni kinategemea uzito wa mzigo, umbali wa kuupeleka, na saa ambazo saiti yako itaikalisha kreni bure. Yote matatu unaweza kuyajua mapema.

Hatua ya 1: Jua uzito

Usikisie kwa macho. Zege lenye nondo lihesabu kilo 2,500 kwa kila mita ya ujazo, chuma kilo 7,850. Bimu ya zege yenye urefu wa mita 6, upana wa sentimita 30 na kimo cha sentimita 50 ina ujazo wa mita 0.9, yaani kilo 2,250. Kwa mashine, soma kibati chake cha utambulisho. Kama ni tangi, hakikisha halina maji, maana kila lita 1,000 ni tani nzima.

Kisha ongeza kulabu, mikanda, minyororo na shakeli (pingu za chuma za kuunganishia). Vyote hivyo kreni inavihesabu kama mzigo. Kwa bimu yetu vilifika kilo 400, jumla ikawa 2,650.

Hatua ya 2: Pima umbali (hapa msiende haraka)

Kreni inayoitwa ya tani 25 hunyanyua tani 25 mzigo ukiwa karibu nayo kabisa, kwa kawaida mita 3 hivi. Kadiri mkono unavyorefuka na kulala, ndivyo uwezo unavyoporomoka. Kila kreni ina jedwali lake linaloonyesha inanyanyua kiasi gani kwa kila umbali na kila urefu wa mkono. Liombe kabla ya kulipa hata senti. Mwenye kreni anayekataa kulionyesha, achana naye.

Umbali unapimwa kuanzia katikati ya pale kreni inapozungukia hadi chini ya kulabu mzigo unapotua. Mimi nilipima kuanzia ukingo wa gari, tena kwenye mchoro, si saiti. Nilipata mita 12, na kwa umbali huo kazi ilikuwa nyepesi. Kreni ilipofika, mafundi wangu walikuwa wamechimba mfereji wa bomba la maji machafu palepale ilipotakiwa kusimama. Opereta alishuka, akautazama mfereji, akarudisha gari nyuma. Tukapima upya kwa futi kamba: mita 20. Akaniita nipande kwenye kibanda chake, akanionyesha kioo cha kompyuta: kwa mita 20, mwisho tani 1.9. Mzigo wetu ulikuwa 2.65. Alijaribu kukaza mikanda tu, bimu haijaacha ardhi, king'ora kikaanza kulia naye akalegeza. Sikubishana naye, na ninyi msije mkabishana na opereta kwa jambo hilo. Nililipa siku nzima, kesho yake ikaja kreni kubwa zaidi. Ule mfereji ungeweza kusubiri siku moja.

Kwa hiyo nenda saiti na futi kamba, simama kreni itakaposimama, pima mwenyewe. Tazama pia juu: nyaya za umeme, matawi, paa la jirani. Nyaya zikiwa karibu, zungumza na shirika la umeme mapema, kwa sababu kuzima laini kunahitaji taarifa.

Hatua ya 3: Ardhi

Miguu ya pembeni, ile kreni inayoitandaza kabla ya kunyanyua, ndiyo inayobeba kila kitu. Makadirio yanayotumika sana ni kwamba mguu mmoja unaweza kubeba robo tatu ya uzito wa kreni pamoja na mzigo. Kreni ya uzito wa tani 30 na mzigo wa tani 3: karibu tani 25 kwenye mguu mmoja. Ukiweka chini yake ubao mnene wa mita 1 kwa 1, ardhi inapokea tani 25 kwa kila mita ya mraba. Ubao wa mita 1.5 kwa 1.5 unashusha hadi tani 11. Ardhi ni ile ile, ubao tu umepanuka. Shimo la choo lililofukiwa, chemba, au udongo uliojazwa juzi, mwambie opereta hata asipouliza.

Hatua ya 4: Soma kotesheni

Uliza kama bei ina opereta na mafuta, na saa zinaanza kuhesabiwa wapi: saiti, au kreni inapotoka yadi. Kampuni nyingi zina kiwango cha chini cha saa, hivyo kazi ya dakika 40 unaweza kuilipia nusu siku au siku nzima. Kreni kubwa huja na vizito vyake vya kuisawazisha kwenye lori jingine, na lori hilo lina bei yake. Uliza pia kuhusu mfungaji mizigo, vibali vya barabara, ovataimu, na kusubiri.

Kipengele kizito kuliko vyote ni bima. Kuna mkataba ambao unakodi mtambo na mtu wake, lakini mpango wa kunyanyua na lawama ya mzigo kuanguka ni vyako. Kuna mwingine ambao kampuni inapanga, inasimamia na inabeba dhamana. Huu wa pili ni ghali zaidi. Kama huna mtu aliyesomea kunyanyua mizigo, chukua huo.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Mizigo ipangwe kwa mfuatano wa kunyanyuliwa, njia iwe wazi, kamba za kuongozea ziwe zimefungwa, na mtu mmoja tu atoe ishara. Asipite yeyote chini ya mzigo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, upepo ukivuma kreni ikakaa bure, nani analipa?

Jibu: Mara nyingi anayekodi, yaani wewe, isipokuwa mkataba useme vingine. Kipengele hicho kijadili kabla ya kusaini. Mabati na paneli pana hushika upepo kama tanga, kwa hiyo zipange asubuhi mapema.

Swali: Nina vyuma vichache vya kilo 300 ghorofa ya kwanza. Lazima kreni?

Jibu: Hapana, ndugu. Lori lenye kreni yake mgongoni litakuletea vyuma na kuvipandisha kwa safari moja. Jedwali lake lisome vilevile, maana mkono wake huchoka haraka kwa umbali.

Swali: Jengo letu lina ghorofa nyingi, miezi kadhaa. Tukodi ya gari kila wiki?

Jibu: Hapo linganisha na kreni ya mnara. Inakodishwa kwa mwezi, lakini ongeza msingi wake, umeme, kuisimika na kuibomoa. Gharama hizo unazilipa hata ukiitumia wiki mbili, ndiyo maana inafaa kazi ndefu yenye kunyanyua kila siku.

Swali: Fundi wangu anasema mkanda mfupi unaokoa urefu kati ya kulabu na mzigo. Ni kweli?

Jibu: Urefu unaokoa, dada, lakini mkanda unateseka. Mikanda miwili ikilala hadi nyuzi 30 kutoka usawa wa mzigo, kila mmoja unavutwa kwa uzito wote wa mzigo, kana kwamba uko peke yake. Kwa nyuzi 60 kila mmoja unavutwa kwa asilimia 58 hivi. Mwambie atafute mikanda mirefu, na kama kimo hakitoshi, muulize mwenye kreni kuhusu bomba la kutandazia mikanda, lile linaloitenganisha juu ya mzigo. Uzito wake uongeze kwenye hesabu ya hatua ya 1.