Somo: Kuwaita Vipepeo Bustanini kwa Mndimu na Maua Rahisi

Wengi wetu hapa Mombasa tukitaka vipepeo hununua maua, tukapanda, kisha tukashangaa kwamba kipepeo hunyonya kidogo na kwenda zake. Ua ni mahali pa kula tu. Kipepeo hurejea pale anapopata jani la kutagia mayai, na kila aina ina jani lake. Kwa hiyo tunaanza na jani.

Hatua ya kwanza: panda mndimu au mlimau, hata mmoja. Kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano hafifu, ambaye wataalamu humwita Papilio demodocus, hutaga kwenye miti ya jamii hii. Asubuhi chunguza majani machanga, nawe utaona yai la mviringo, dogo kuliko kichwa cha pini, limekaa peke yake. Kiwavi anayetoka humo hufanana mno na kinyesi cha ndege, na mfano huo ndio kinga yake; mimi mwenyewe niliwahi kuinua kidole nimfute, nikidhani ni uchafu. Akikua hugeuka kijani, na akisumbuliwa huchomoza nyuma ya kichwa pembe mbili laini zenye harufu kali.

Hatua ya pili: ongeza maua ya chakula. Zinia huota upesi kutokana na mbegu, vinka huvumilia ukame, na pentasi ina asili ya Afrika Mashariki. Yapande kwa mafungu, kwa sababu fungu huonekana kutoka mbali kuliko ua mojamoja. Asmini yetu tunayoipenda hufunguka jioni, hivyo wageni wake hasa ni nondo. Lantana ninawasihi msiipande: ilitoka Amerika, huenea porini na hudhuru mifugo.

Hatua ya tatu: chagua pahali penye jua la asubuhi na palipokingwa na upepo wa kusi, kwa mfano upande wa kaskazini wa ukuta. Kwa kuwa maji ya visima vyetu vingi yana chumvi, na mndimu hauistahimili, mwagilia kwa maji ya mvua au ya mfereji.

Hatua ya nne: weka sahani ya mchanga wenye unyevu, kwa kuwa vipepeo, hasa madume, hufyonza chumvichumvi humo. Maji yasisimame, yasije yakazalisha mbu.

Hatua ya tano, nayo ndiyo ngumu kwa wengi: acha kabisa kupuliza dawa. Hata maji ya mwarobaini, ambayo watu huyaona hayana madhara, huua viwavi.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Likoni: Mwalimu, mndimu wangu hautakufa ukiliwa majani?

Jibu: Mti uliokomaa huchipua tena, dada yangu. Mche mchanga ndio wa kuhofia. Ukiona viwavi watano juu yake, hamishia baadhi yao kwenye mti mkubwa, ukikata jani zima alilokalia badala ya kumbandua kiwavi kwa vidole.

Mwanachama wa Kisauni: Watoto wangu wanaogopa kuwashwa.

Jibu: Hofu hiyo ina msingi, kwani wapo viwavi wenye manyoya wanaowasha vikali, na hao wasiguswe. Huyu wa mndimu hana manyoya, wala hawashi.

Mwanachama wa Tudor: Ninakaa ghorofani. Nifanyeje?

Jibu: Mndimu mdogo hukua ndani ya ndoo kubwa iliyotobolewa chini. Weka kando yake chungu cha pentasi, na uchague upande wa roshani usiopigwa na upepo.

Mwanachama wa Bamburi: Je, pupa, yaani kiwavi aliyejifunga ndani ya ganda kabla ya kuwa kipepeo, huuzwa?

Jibu: Naam. Huko Gede, mradi wa Kipepeo ulioanza mwaka 1993 huwawezesha wanakijiji wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke kufuga vipepeo wa msituni na kuuza pupa ng'ambo. Pupa wa mndimu wako mwache palepale alipojishikiza, kwani baada ya wiki mbili hivi atapasuka, na kipepeo atakaa kitambo akizikausha mbawa zake kabla ya kuruka.