Jinsi Tunavyoandaa Sikukuu ya Mikate Isiyotiwa Chachu Nyumbani

Kwetu sikukuu hii huanzia jikoni, kwa kuwa agizo lenyewe linaanza na kilichomo kabatini: Kutoka 12:15 inataka chachu iondolewe nyumbani, na mstari wa 19 unaongeza kwamba isionekane humo kwa siku saba.

Hatua ya kwanza: panga tarehe. Walawi 23 inaweka Pasaka jioni ya siku ya kumi na nne ya mwezi wa kwanza, yaani Nisani, na siku saba za mikate huanza siku ya kumi na tano. Kalenda ya Kiyahudi hufuata mwandamo wa mwezi, na katika kila miaka 19 huongezewa mwezi wa kumi na tatu mara 7, ndiyo maana mwaka 2027 Pasaka ya makanisani itakuwa Machi 28, ilhali siku ya kwanza ya mikate itaangukia Alhamisi, Aprili 22, na ya saba Jumatano, Aprili 28. Siku ya Biblia huanza jua linapotua, jambo lisilompa shida mtu wa pwani, ambaye kwake usiku wa Ijumaa hutangulia mchana wa Ijumaa. Kwa hiyo chakula cha usiku wa kwanza wa sikukuu kitaliwa Jumatano, Aprili 21, baada ya magharibi.

Hatua ya pili: maliza ulichonacho. Majuma mawili kabla, acha kununua mikate, skonzi, biskuti na hamira, na upike maandazi mpaka unga wenye hamira uishe. Kutupa chakula kizima hakuna maana yoyote.

Hatua ya tatu: safisha. Siku tatu za mwisho toa kila kitu kabatini, pangusa rafu, kung'uta kibaniko cha mkate juu ya gazeti, na usisahau chini ya matakia ya kochi. Wape watoto kazi ya kutafuta, kwa maana wao ndio wanaojua makombo yalipo. Mwaka wetu wa kwanza tulijisifu kwamba nyumba imetakata, kisha siku ya nne tukakuta nusu ya skonzi kwenye mkoba wa shule wa binti yetu, imekauka kama kigae, na tangu hapo mikoba ndiyo hukaguliwa kwanza.

Swali linaloulizwa sana ni kuhusu beking pauda na uji uliochachuka. Katika sheria ya Kiyahudi, chachu inayokatazwa hutokana na nafaka tano, zikiwamo ngano na shayiri, wala mahindi na ulezi hayamo. Hata hivyo sisi huondoa vyote viwili, kwa sababu ni vigumu kumweleza mtoto wa miaka sita kwa nini kinachoumuka hapa kinaruhusiwa na kinachoumuka pale hakiruhusiwi. Magadi ya kulainishia maharage tunayaacha kabatini.

Hatua ya nne: oka mkate. Chapati zetu kwa asili hazina chachu, lakini kinyunga kilichofunikwa kikalala nusu saa kinaweza kuanza kuchachuka chenyewe. Wayahudi hawaruhusu zaidi ya dakika 18 tangu maji yaguse unga hadi mkate uive. Biblia haitaji dakika, ila haraka ya Kutoka 12:39 inatosha kutuongoza. Chukua vikombe viwili vya unga wa ngano, chumvi kidogo na maji ya kukandia. Kanda, sukuma nyembamba, toboa kwa uma ili isifure, kisha choma juu ya kikaango kikavu chenye moto mkali mpaka madoa ya kahawia yatokee pande zote mbili. Kanda kidogo kidogo, kinyunga kisikusubiri.

Hatua ya tano: meza ya usiku. Mwana-kondoo hatuchinji, kwani Kumbukumbu la Torati 16:5-6 inakataza Pasaka kuchinjwa mahali popote isipokuwa pale Bwana atakapopachagua, na Paulo katika 1 Wakorintho 5:7 anamtaja Kristo kuwa Pasaka wetu. Tunaweka mkate, mchuzi wa kuku na mboga chungu. Mchunga unafaa sana, nao tunauchemsha mara moja tu ili uchungu ubaki. Kabla ya kula tunatawadhana miguu kwa beseni moja, kama ilivyo katika Yohana 13, na baba huanza na mdogo kuliko wote. Kisha mtoto huuliza maana ya utumishi huu, naye hujibiwa kwa kusomewa Kutoka 12 polepole.

Hatua ya sita: siku saba zenyewe. Siku ya kwanza na ya saba hatufanyi kazi, ingawa Kutoka 12:16 inaruhusu kuandaa chakula. Omba ruhusa kazini na shuleni mapema. Siku za katikati ni za kawaida, isipokuwa kila mlo una mkate huo, hata kipande kidogo, na kufikia siku ya tano watoto huanza kulalamika. Waache walalamike. Jioni ya siku ya saba, jua likishazama, mmoja wao hutumwa dukani kununua hamira.