Soma mwongozo wa TCU kabla ya kusoma kundi

Katika makundi ya WhatsApp ya waombaji wa vyuo vikuu nchini Tanzania, wanaotangaza matokeo ni wenye daraja la kwanza, ilhali wengine hunyamaza, na hivyo kijana mwenye pointi za kutosha hujiona ameshindwa kabla hata ya kuomba. Nimemwona binti akilia, simu mkononi, kwa sababu hiyo tu, na iliniuma sana. Wadogo zangu, fungueni kwanza mwongozo wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, msome sifa na idadi ya nafasi za programu mnayoitaka. Programu nyingi huanzia jumla ya pointi 4 katika masomo mawili ya tahasusi (mchepuo wa masomo ya kidato cha tano na sita), yaani hata D mbili, ingawa za udaktari hudai zaidi.