Kutafuta Kumbukumbu Inayovuja Kwenye Daraja la Mtandao la Linux

Kompyuta ndogo niliyoiacha chini ya meza ya duka moja la Mwanjelwa, Mbeya, ikiwa na RAM ya GB 2 na kadi mbili za mtandao zilizounganishwa kwa daraja (programu ya Linux inayopitisha data kati ya kadi hizo kana kwamba ni mtandao mmoja), ilikuwa ikifanya kazi vizuri siku tatu, ikianza kukokota siku ya nne, na siku ya sita mwenye duka akichomoa waya wa umeme. Dalili hizo ni za kumbukumbu inayovuja, yaani RAM inayochukuliwa bila kurudishwa, na kuchomoa huko ndiko kulikofuta ushahidi kila mara. Soma vipimo kwanza, ndipo uiwashe upya.

Fungua /proc/meminfo, faili linaloonyesha matumizi ya RAM. Usishtushwe na MemFree (RAM iliyo wazi kabisa) kuwa ndogo, kwa sababu Linux hutumia nafasi iliyo wazi kuhifadhi mafaili yaliyokwisha kusomwa na huiachia inapohitajika. Namba za kufuatilia ni MemAvailable, RAM inayoweza kupatikana kwa programu, na SUnreclaim, hii ya pili ikiwa ni kumbukumbu ambayo kerneli, yaani kiini cha Linux, haiwezi kuiachia inapobanwa. Ziandike kila saa kwa cron (kipanga-kazi cha Linux), usiku pia: SUnreclaim ikiendelea kupanda duka likiwa limefungwa, mshukiwa ni kerneli, ikitulia huku MemAvailable ikishuka, anza na programu za kawaida kwa amri ya top.

Kerneli ikishukiwa, endesha slabtop -o -s c, amri inayoorodhesha akiba za kumbukumbu za kerneli, kama root (msimamizi mkuu) na utazame mistari miwili. Wa kwanza ni bridge_fdb_cache, unaobeba anwani za MAC (utambulisho wa kila kadi ya mtandao) ambazo daraja limejifunza. Usipouona, huenda kerneli imeuchanganya na mingine ya ukubwa uleule. Washa upya ukiwa umeongeza slab_nomerge kwenye vigezo vya kerneli. Hapa wengi hukosea, kwani simu za wateja hubadilisha MAC na jedwali huvimba mchana, ilhali kwa kawaida anwani isiyosikika kwa sekunde 300 hufutwa. Linganisha basi: bridge fdb show br br0 | wc -l (br0 ni jina la daraja) ikitoa mistari 40 na slabtop ikaonyesha maelfu ya vitu hai, anwani zinafutwa lakini kumbukumbu hairudi, na huo ndio uvujaji. Jedwali lenyewe likiwa kubwa, hakikisha ip -d link show br0 inaonyesha ageing_time 30000, maana hapo muda huhesabiwa kwa sehemu za mia za sekunde.

Mstari wa pili, skbuff_head_cache, ni wa pakiti, vipande vya data vinavyopita mtandaoni. Ukipanda huu, daraja mara nyingi linasingiziwa kosa la draiva ya kadi, yaani programu inayoiendesha kadi. Toa kadi moja kwenye daraja kwa ip link set eth1 nomaster, ipitishie data peke yake, kisha upime tena.

Kama kerneli yako imejengwa na CONFIG_DEBUG_KMEMLEAK, kigezo cha kutafuta uvujaji, andika scan ndani ya /sys/kernel/debug/kmemleak na usome faili hilohilo: majina ya vipande vya msimbo yanayoanza na br_ yanaelekeza kwenye daraja, na ya draiva kwenye kadi. Pale Mwanjelwa ilikuwa kadi. Tulibadilisha ile ya USB kwa ya PCI, na SUnreclaim ikakaa mahali pake wiki nzima.